Filamu ya Msaka Wachawi na Somo la Ushahidi

Mengi yamekwisha kuandikwa katika kurasa hizi juu ya zana za kufundishia: chati, ramani, vielelezo vya udongo wa mfinyanzi, na siku hizi picha za sinema zinazoonyeshwa ukutani kwa msaada wa kompyuta. Aghalabu waandishi wamejishughulisha na namna ya kuzipata zana hizo na namna ya kuzitunza zisiharibike. Lakini liko swali jingine ambalo, kwa maoni yangu, halijaulizwa ya kutosha, nalo ni hili: je, kila picha inayoweza kuonyeshwa yafaa kuonyeshwa? Na ikiwa haifai kwa watoto, mwalimu mwenyewe aweza kuchuma ndani yake kitu cha kumfaa katika kazi yake?

Nimesukumwa kulizungumza jambo hili na ubishi uliozuka baina ya wanachuo wangu muhula uliopita. Baadhi yao walikuwa wameitazama bwenini, usiku, filamu moja ya Kiingereza ya mwaka 1968 iitwayo Witchfinder General, jina ambalo twaweza kulifasiri kuwa Jenerali wa Wasaka Wachawi. Asubuhi walikuja darasani macho mekundu kwa kukosa usingizi (na juu ya macho mekundu nitakuwa na neno la kusema baadaye). Mmoja wao alishikilia kwamba filamu kama ile ipigwe marufuku chuoni, kwa kuwa haina ila damu na mayowe. Mwingine, kijana mwenye bidii sana, alisema kinyume chake: ionyeshwe kwa watoto wa darasa la saba, ili waone kwa macho yao ubaya wa kuwadhania watu uchawi. Nami nikaitafuta nikaitazama. Naona wote wawili wamekosa, ingawa huyu wa pili amekosa kwa hatari zaidi.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1645, katika majimbo ya mashariki ya Uingereza, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya majeshi ya Mfalme Charles wa Kwanza na majeshi ya Bunge. Vita hivyo, vilivyoanza mwaka 1642, vilikuwa vimeuvuruga mwendo wa kawaida wa mahakama, na mahali palipokosa hakimu hapakukosa mtu wa kujifanya hakimu. Filamu yaanza kwa sauti ya nyundo: watu wanajenga mti wa kunyongea juu ya kilima. Mwanamke anaburutwa huku akilia, kasisi akisoma sala nyuma yake, na kwa mbali mtu mmoja aliyepanda farasi anatazama kimya. Huyo ndiye Matthew Hopkins, msaka wachawi, anayechezwa na Vincent Price. Pamoja na msaidizi wake John Stearne, Hopkins anafika katika kijiji cha Brandeston kwa mwito wa wanakijiji wenyewe, wanamkamata kasisi wao John Lowes, wanamchoma kwa sindano mwilini wakitafuta alama ya shetani, na mwisho wananyonga. Binti wa ndugu wa kasisi, jina lake Sara, anajaribu kumwokoa mzee huyo kwa kuutoa mwili wake, naye afanyiwa unyama usiosemeka. Mchumba wake, askari wa Bunge aitwaye Richard Marshall, anaapa kulipiza kisasi, na tangu hapo filamu yote ni mbio za kisasi hicho hadi mwisho wake mchungu ndani ya ngome.

Mwongozaji wake, Michael Reeves, alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne tu alipoitengeneza, na alifariki mwezi Februari 1969 kabla ya kutimiza ishirini na sita. Nautaja umri huo kwa sababu wanachuo wangu wengi ni wa umri huo huo, nao hudhani kuwa kazi yenye uzito hungoja mvi.

Mwalimu wa Historia akiitazama filamu hii hana budi kushika kalamu, kwa maana makosa yake ni mengi. Hopkins wa kweli hakuwa mzee mwenye sauti nzito kama Vincent Price; alikuwa kijana, mwana wa kasisi wa Great Wenham katika jimbo la Suffolk, na yaelekea hakufikisha hata miaka thelathini. Hakuuawa kwa shoka wala kwa bastola. Alikufa nyumbani mwaka 1647, kwa kifua kikuu kama inavyosadikiwa, akazikwa Mistley mwezi Agosti. Aidha filamu yaonyesha mwanamke akiteremshwa kwa kamba ndani ya moto katika mji wa Lavenham kwa kosa la uchawi. Sheria ya Uingereza haikuwachoma wachawi, iliwanyonga. Mwanamke aliyechomwa Ipswich mwaka huo wa 1645 alichomwa kwa kuwa alihukumiwa pia kwa kumwua mumewe, kosa ambalo kwa mwanamke sheria yao iliulipia moto. Naam, kwa mtu anayenyongwa tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa mwalimu si ndogo, kwa sababu mwanafunzi aliyefundishwa jambo moja la uongo kwa picha kali halisahau maisha yake yote.

Hata hivyo kasisi John Lowes alikuwako. Alikuwa mzee wa miaka karibu themanini, mgomvi kidogo na waumini wake, na huenda ugomvi huo ndio uliokuwa uchawi wake wote. Walimzuia asilale siku kadhaa mfululizo, wakamkimbiza huku na huko chumbani hata pumzi zikamwisha, wakampumzisha kidogo wakamkimbiza tena, mpaka akawa hajui asemalo. Akakiri kwamba alizamisha jahazi baharini kwa uchawi. Walimtosa pia katika handaki la maji la ngome ya Framlingham, kwa imani kwamba maji humkataa mchawi: akielea ana hatia, akizama hana. Alinyongwa mwaka 1645, na yasemekana kwa kuwa alikataliwa kasisi wa kumzika, alijisomea mwenyewe ibada ya maziko njiani.

Yako mambo mawili ambayo filamu imeyashika vizuri kuliko vitabu vingi. La kwanza ni kitendo kifupi sana ambacho wanachuo wangu karibu wote hawakukiona. Baada ya yule mwanamke wa Lavenham kuchomwa, watoto wa mji wanakaa kando ya majivu wakioka viazi. Hawalii wala hawachekelei. Wanaoka viazi kwa sababu moto upo. Mimi, ambaye nimefundisha watoto miaka mingi, nilisimamisha picha hapo nikatoka nje kupunga upepo. La pili ni mwisho wake: Marshall anapompata adui yake anampiga kwa shoka bila kukoma, na askari mwenziwe anapompiga Hopkins risasi ili kumkatia mateso, Marshall anampigia kelele kwamba amemnyang'anya mtu wake. Yule kijana mwema wa mwanzo amekwisha kuwa kama Hopkins, na Sara hana analoweza isipokuwa kupiga mayowe. Filamu inakoma hapo.

Kwa ajili ya ukali huo, wakaguzi wa filamu wa Uingereza waliikata hapa na pale kabla ya kuiruhusu. Mwandishi wa tamthilia Alan Bennett aliishutumu gazetini. Reeves alimjibu kwa barua iliyochapwa, akitetea kwamba ukatili unaoonyeshwa kuwa jepesi na la kuburudisha ndio wenye madhara, na kwamba ukatili wapaswa kumchukiza anayeutazama. Hoja hiyo nakubaliana nayo kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu naikataa.

Sababu yangu ni ya mbinu, wala si ya haya. Hofu haifundishi, hofu hufunga. Mtoto aliyeogopeshwa hashiki hoja, hushika picha. Ukimwonyesha mtoto mwanamke akichomwa kwa kuitwa mchawi, wewe mwalimu unadhani amejifunza kwamba ni vibaya kumchoma mtu. Yaweza kuwa amejifunza kwamba zamani, hata huko Ulaya, wachawi walikuwako na walichomwa. Kila mwenye kufundisha amepata kuona jambo kama hili: unafundisha juu ya kunawa mikono kwa picha kubwa ya mdudu, na juma lililofuata mtoto anachora nzi mwenye meno kama ya simba. Zana imelimeza somo. Kijana yule aliyetaka kuipeleka filamu hii darasa la saba alikuwa na nia njema kabisa, lakini angewapeleka watoto nyumbani na ndoto mbaya bila ushahidi wa kupimia.

Hapo huenda mwenzake, yule aliyetaka marufuku, akajiona ameshinda. La hasha. Kunyamaza nako ni kufundisha. Mtoto wetu haingii darasani akiwa hajasikia habari za uchawi. Amezisikia jikoni, kisimani na msibani. Na mambo hayo si ya hadithi. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga na jirani zake, maelfu ya watu waliuawa kwa kudhaniwa wachawi kati ya miaka ya 1970 na 1984, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Baadhi walionyoshewa kidole kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na wa samadi kavu ambamo walikuwa wamewapikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Katika eneo la Kisii nchini Kenya, mwezi Mei 2008, watu kumi na mmoja, wengi wao wanawake wa umri mkubwa, waliuawa na kundi la watu kwa shutuma hiyo hiyo. Mwaka 1646 kasisi mmoja wa Uingereza, John Gaule wa Great Staughton, aliyethubutu kuhubiri na kuandika dhidi ya Hopkins, alilalamika kwamba siku zile kila mwanamke mzee mwenye uso wa makunyanzi, jicho la makengeza au sauti ya kukwaruza alihesabiwa mchawi. Mahali ni mbali na zama ni mbali, ila kipimo kilikuwa kimoja: uso wa mzee.

Katika madarasa yetu wamo watoto ambao bibi zao wamenyoshewa kidole. Wamo pia watoto ambao baba zao ndio walionyosha. Mwalimu asiyesema neno anawaacha wote wawili mikononi mwa lile walilolisikia nyumbani.

Sasa nitaeleza kwa nini filamu hii ilinigusa mimi mwenyewe, ijapokuwa sikupenda kuieleza habari hii kwa muda mrefu. Nilipokuwa mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, nilipewa darasa la nne katika shule moja ya kijijini. Siku moja bahasha ya fedha za mchango wa michezo ikapotea mezani pangu. Nilikuwa mgeni, kijana, na mwenye kuogopa kuonekana sikuweza kazi. Nikaikumbuka hila niliyoisikia kwa wazee. Nilikata njiti za chelewa za urefu mmoja, nikampa kila mtoto yake, nikawaambia kwamba ifikapo saa ya mapumziko njiti ya mwizi itakuwa imerefuka kwa upana wa kidole. Hila ni kwamba mwizi, kwa kuogopa, huikata njiti yake, naye hujulikana kwa ufupi wake. Wakati ulipofika nilizikusanya, na mvulana mmoja mpole, aliyekaa dawati la nyuma, akaleta njiti fupi.

Nilimchapa viboko vinne mbele ya wenzake, bila hata kibali cha mwalimu mkuu. Alikana mara mbili, mara ya tatu akakubali. Nilipomwuliza fedha zimekwenda wapi, akasema amenunua maandazi. Nilipomwuliza amekula na nani, akataja majina mawili. Nikawaita na hao nikawachapa, nao wakakubali. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo jioni ile. Mkufunzi aliyekuja kunikagua juma hilo aliandika katika fomu yangu kwamba nidhamu ya darasa ilikuwa nzuri sana.

Siku tisa baadaye bahasha ilionekana katikati ya kurasa za mwezi uliopita za daftari la mahudhurio, mahali nilipoiweka kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwita yule mtoto nikamwuliza kwa nini basi aliikata njiti. Akajibu, "Niliogopa itarefuka, Mwalimu." Aliniamini! Mtoto aliyeniamini kuliko wote darasani ndiye niliyemtia hatiani. Nilimwomba radhi ofisini, mlango ukiwa umefungwa, hali nilimwadhibu hadharani. Na wenzake waliendelea kumwita mwizi hadi nilipoondoka. Sikupata kujua aliishia wapi.

Ndiyo maana nilipomwona Lowes akitoswa majini niliyatambua maji yale. Kipimo cha kuelea na kipimo cha njiti ni kitu kimoja: vyote viwili vina sura ya majaribio, kana kwamba ni sayansi, lakini mwulizaji amekwisha kuwa na jibu kabla ya kuuliza. Na ungamo lililofuata lilikuwa na mwendo ule ule. Sheria ya Uingereza haikuruhusu mateso katika kesi za kawaida, kwa hiyo Hopkins na Stearne walitumia njia zisizoacha kovu: kukesha, kutembezwa, kukalishwa juu ya kigoda katikati ya chumba, na maswali yale yale usiku kucha. Mshtakiwa wao wa kwanza, mwezi Machi 1645 huko Manningtree, alikuwa Elizabeth Clarke, ajuza maskini mwenye mguu mmoja. Baada ya kukeshwa usiku kadhaa alieleza habari za vinyama vyake vya kishetani: paka mweupe, mbwa mnene asiye na miguu, sungura mweusi, na mbwa mwembamba mwenye kichwa cha ng'ombe aitwaye Vinegar Tom, yaani Tom Siki. Kisha akataja majina ya wanawake wengine, nao wakataja wengine. Mtu aliyechoka akiulizwa "nani mwingine?" hatasema "hakuna", kwa sababu amekwisha kujifunza kwamba "hakuna" si jibu linalompa usingizi. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika muda usiozidi miaka mitatu walionyongwa kwa mtindo huo walipita mia moja.

Nawaomba wanachuo walisome tena andalio la somo walilolifanya juma hili, watazame maswali waliyoyaandika. Ni mangapi ambayo mtoto huyajibu kwa kuusoma uso wa mwalimu? "Je, siyo kweli kwamba...?" "Nani hajaelewa?" Swali la namna hiyo, katika hesabu, humzaa mtoto anayebahatisha. Katika habari ya wizi au ugomvi humzaa shahidi wa uongo. Sisemi kwamba mwalimu anayeuliza vibaya ni mnyongaji. Nasema kwamba ufundi wa kuuliza, ambao katika chuo hufundishwa kama jambo la kupatia alama katika mtihani, una uzito kuliko alama hizo.

Basi tuwafundishe nini watoto, ikiwa filamu hatuwaonyeshi? Kiko kisa kingine, cha kweli, kinachofaa mno kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, na mhusika wake ni mtoto wa umri wao. Mwaka 1633, katika jimbo la Lancashire karibu na kilima cha Pendle, mvulana wa miaka kumi hivi aitwaye Edmund Robinson alichelewa kurudi nyumbani. Alipoulizwa alisimulia kwamba alikutana na mbwa wawili wazuri wa kuwindia. Sungura akatokea, mbwa wakakataa kumfukuza. Akawapiga, na mmoja akageuka kuwa mwanamke, jirani anayemfahamu, wa pili akageuka kuwa mtoto. Mwanamke yule akamgeuza huyo mtoto kuwa farasi mweupe, akampeleka Edmund juu yake hadi kwenye nyumba iliyojaa watu wanaovuta kamba, na kutoka katika kamba hizo zikashuka nyama, siagi na maziwa. Watu walimwamini. Baba yake akamzungusha katika makanisa ya jirani awatambue wachawi, na alipwe. Mwaka 1634 mahakama ya Lancaster iliwakuta na hatia watu kumi na kadhaa. Waamuzi wakaingiwa na shaka, wakaipeleka habari kwa Mfalme Charles, yule yule ambaye baadaye alipigana na Bunge lake. Baadhi ya washtakiwa walipelekwa London wakapimwa na waganga chini ya uangalizi wa William Harvey, aliyegundua mzunguko wa damu mwilini, nao hawakuona alama yoyote ya ajabu. Mvulana alipotengwa na baba yake na kuulizwa kwa upole, alikiri kwamba aliibuni hadithi yote. Alikuwa ametumwa kuwarudisha ng'ombe, akapitiwa na mchezo, akaogopa kupigwa. Habari za wachawi wa Pendle alikuwa amezisikia tangu utotoni, kwa maana mwaka 1612 watu kumi walinyongwa kutokana na kesi za pale. Wakati huo baadhi ya aliowataja walikuwa wamekwisha kufa gerezani.

Somo hili nimelijaribu mara tatu katika shule yetu ya mazoezi, na kila mara nimelirekebisha. Kisa kisimuliwe nusu tu, hadi pale watu walipomwamini, kisha mwalimu anyamaze. Watoto waandike katika madaftari yao kama wanasadiki au hawasadiki, na kwa nini, kabla ya mtu yeyote kusema, kwa sababu wakianza kusema watamfuata mwenye sauti kubwa. Halafu waulizwe: nani aliyaona mambo haya? Alikuwa na nani? Mwenye kusimulia anapata faida gani akisadikiwa, na anapata hasara gani asiposadikiwa? Mara ya kwanza nilikosea kwa kuuliza maswali hayo mfululizo, yakawa kama shairi la kukariri. Mara ya pili niliwaacha watoto wayatunge wenyewe, nayo yakaja polepole, lakini yakaja. Msichana mmoja, aliyekuwa kimya muhula mzima, alinyosha kidole akauliza kwa nini baba wa Edmund hakuuliza ng'ombe walikuwa wapi. Nilikuwa nimekisoma kisa kile kwa miaka na swali hilo halikuwa limenijia.

Hesabu pia yaweza kusaidia. Mji wa Stowmarket ulimlipa Hopkins na wenzake paundi ishirini na tatu. Kibarua wa siku zile alipata kiasi cha peni sita kwa siku, na paundi moja ilikuwa na peni mia mbili na arobaini. Watoto wapige hesabu wenyewe: kibarua angefanya kazi siku mia tisa na ishirini, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu bila siku ya mapumziko, ili apate fedha hiyo. Ukiwapa hesabu hiyo huna haja ya kuwaambia kwamba usaka wachawi ulikuwa biashara.

Litaulizwa swali ambalo wanachuo huliogopa kuliko yote: "Mwalimu, kwani wachawi hawapo?" Wengine hukimbilia kumkemea mtoto kwamba hayo ni ujinga, na mtoto, ambaye mama yake anaamini, huondoka akiwa na jeraha. Wengine, kwa kuogopa wazazi, husema kwamba wapo. Mimi huwaambia kwamba sijapata kuona, na ya kwamba sheria haimwadhibu mtu kwa lile linaloaminika bali kwa lile lililothibitishwa. Kisha huwauliza ni ushahidi gani ungewatosha wao, kama mshtakiwa angekuwa bibi yao. Uingereza yenyewe ilifika hapo kwa mwendo wa pole sana: mwaka 1735 Bunge lao lilifuta sheria ya kumwua mtu kwa uchawi, likafanya kosa liwe kujidai kuwa na uwezo huo. Muda tangu kunyongwa kwa Lowes hadi sheria hiyo ni miaka tisini. Watoto hupenda kuihesabu miaka hiyo kwa vizazi, kutoka bibi hadi mjukuu.

Kuhusu filamu yenyewe, rai yangu ni kwamba chuo kiruhusu itazamwe na wanachuo wa mwaka wa mwisho, mchana, mkufunzi akiwapo, na iwe baada ya mazoezi ya kufundisha wala si kabla. Asiyetaka kuitazama asilazimishwe wala asichekwe. Baada yake wasipewe insha ya kueleza kisa, kwa maana kisa ni chepesi. Waandike tu habari ya siku moja ambayo wao wenyewe walimwadhibu mtoto, na walijuaje kwamba ndiye. Katasi hizo zisisahihishwe, zisikusanywe, na kila mmoja abaki na yake.

Na kwa watakaolijaribu somo la Edmund Robinson, natoa tahadhari moja niliyoipata kwa hasara. Lisiwekwe kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Mara ile ya kwanza kengele ililia nikiwa katika nusu ya kisa, pale watu walipomwamini, na watoto wakaenda nyumbani siku mbili nzima wakiwa na mbwa waliogeuka watu, bila ya ng'ombe waliopotea. Jumatatu mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza ni mchawi gani tuliyemtaja darasani.